Homa ya ini C: wengi walioipata hawajawahi kugusa dawa za kulevya. Tuzungumze vihatarishi vyake kwa undani

Mpimaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi maabara. Kuna swali ambalo watu wenye homa ya ini C huuliza karibu wote wakishapewa majibu: "Nimeipata wapi?" Anayeuliza ni mama wa makamo, au mzee aliyestaafu, mtu ambaye hajawahi kujidunga chochote maishani. Na mara nyingi kabla hajapata jibu, watu wa nyumbani wameshamtungia lao. Jambo hili linaniuma, kwa hiyo nimeona nianzishe uzi.

Virusi vya homa ya ini C husafiri kwa damu. Haviambukizi kwa chakula, maji, kukumbatiana, kupiga chafya wala kula sahani moja. Ili mtu aambukizwe, damu yenye virusi lazima iingie kwenye damu yake, na kiasi kinachotosha kinaweza kuwa kidogo mno hata jicho lisikione. Virusi hivi vinahimili nje ya mwili pia. Majaribio ya maabara yameonyesha vinaweza kubaki hai kwenye sehemu kavu kwa wiki kadhaa, na ndani ya bomba la sindano lenye mabaki ya damu hadi siku 63.

Vilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari waliona wagonjwa wanapata homa ya ini baada ya kuongezewa damu, wakipima A hakuna, wakipima B hakuna, wakaishia kuuita ugonjwa huo "isiyo A wala B". Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo. Nchi nyingi tajiri zilianza kupima damu ya wachangiaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyingine zikachelewa sana. Kwa hiyo mtu aliyeongezewa damu kabla ya 1989 alipewa damu ambayo hakuna mtu yeyote duniani angeweza kuipima kirusi hiki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 50 walikuwa wanaishi na maambukizi sugu, na kila mwaka wanaongezeka kama milioni 1 wapya. Wengi wao hawajijui, maana ugonjwa huu haupigi hodi. Kati ya watu 100 walioambukizwa, takriban 30 miili yao huvifukuza virusi yenyewe ndani ya miezi sita bila dawa. Waliobaki hukaa navyo, na kati ya hao, 15 hadi 30 kwa kila 100 ini lao huwa limejaa makovu baada ya miaka 20 hivi. Mtu anaugua leo kwa kitu kilichompata ujanani.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Watu wakisikia neno "vihatarishi" huchanganya maswali mawili. La kwanza: ni tendo gani lina hatari kubwa zaidi kwa anayelitenda? La pili: ni kitu gani kimeambukiza watu wengi zaidi katika jamii nzima? Majibu yake yanaweza kupishana kabisa.

Kwa swali la kwanza hakuna ubishi. Kuchangia vifaa vya kujidunga dawa za kulevya ndiko kunakoongoza karibu kila mahali palipofanyiwa utafiti. Kwa swali la pili, tufanye hesabu ya kubuni tu. Tuseme jamii ina watu 100,000. Wanaojidunga ni 100, na nusu yao wameambukizwa: hao ni 50. Katika jamii hiyohiyo watu 60,000 wamewahi kuchomwa sindano kwenye vituo vinavyorudia vifaa, na mmoja tu kati ya kila 100 akaambukizwa: hao ni 600. Ukisimama ukutane na mgonjwa yeyote wa jamii hiyo, kuna uwezekano mkubwa sana aliambukizwa na mtu aliyekuwa anamtibu.

Na hayo si ya kwenye karatasi tu. Yalitokea Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipambana na kichocho kwa dawa ya kuchoma mshipani. Kozi moja ilihitaji sindano nyingi, wiki baada ya wiki. Mabomba yalikuwa ya kioo, foleni ndefu, kuchemsha vifaa kunafanyika kwa haraka au hakutoshi, na bomba lililotoka kwa huyu linaingia kwa yule. Kichocho kilipungua, kisha ikaja dawa ya vidonge, prazikuanteli, sindano zikaachwa. Lakini kirusi kilikuwa kimeshasambaa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta karibu 15 kati ya kila watu 100 wa miaka 15 hadi 59 wana kingamwili za homa ya ini C, yaani alama kwenye damu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa, na wenye umri mkubwa waliathirika kuliko vijana kwa mbali. Wale walikuwa wakulima na watoto wa wakulima waliopanga foleni kupata tiba kama walivyoelekezwa.

Karibuni tujadili.

---

Tumaini_K

Mkuu ahsante kwa uzi. Mimi nimekuwa nikiamini huu ni ugonjwa wa ngono kama VVU. Rafiki yangu ndoa yake imevunjika kwa sababu ya jibu la kipimo hiki. Mke alipimwa akakutwa nao, mume hana. Mume akasema basi umetoka nje. Sasa ukweli ni upi?

---

Mpimaji

Pole kwa rafiki yako ndugu Tumaini. Natamani wengi wasome hapa.

Kwa wenza wa mke na mume ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, hatari ipo lakini ni ndogo mno. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2013 ulichunguza jozi 500 za wenza, na makadirio ya juu kabisa yalikuwa maambukizi mamoja kwa takriban tendo la ndoa mara 190,000. Kwa hiyo mke kuwa nao na mume kukosa ni jambo la kawaida kabisa. Halithibitishi uzinzi hata kidogo. Anaweza kuwa aliambukizwa utotoni.

Isipokuwa hatari inapanda pale panapotokea damu: michubuko, vidonda vya magonjwa ya zinaa, tendo la nguvu. Wanaume wanaojamiiana na wanaume, hasa wenye VVU, wameonekana kuwa na maambukizi ya njia hii zaidi kuliko watu wengine. Hilo halipaswi kufichwa, maana nao wanahitaji kupimwa na kutibiwa bila kusimangwa.

Utasikia pia tafiti zinazosema mke wa mgonjwa ana uwezekano mkubwa wa kuwa mgonjwa. Ni kweli zipo. Lakini mke na mume wengi wana umri unaokaribiana, wamekulia sehemu moja, wametibiwa zahanati moja, na mtu yuleyule amewachoma sindano wote wawili. Ukilinganisha watu wa umri na historia moja ya matibabu, uhusiano huo hupungua sana.

---

NesiZamu

Kaka Mpimaji umesema kweli tupu. Naomba niongeze kutoka wodini maana watu wanadhani ukibadilisha sindano yenyewe tu umemaliza.

Kinachotokea ni hiki. Unamchoma mgonjwa, ukivuta kidogo kuhakikisha au shinikizo likirudi nyuma, chembe ya damu inaingia kwenye bomba. Huioni. Unatoa sindano unaweka mpya, bomba ni lilelile. Unalichovya kwenye kichupa cha dawa uongeze dozi ya mgonjwa huyohuyo. Mpaka hapo hakuna mwingine aliyedhurika. Lakini kile kichupa kikibaki na dawa, mwenzako anakuja na bomba jipya kabisa, safi, anavuta dawa kwa ajili ya mgonjwa wa pili. Huyo wa pili anaambukizwa na mtu ambaye hajawahi kumuona, kwa bomba ambalo limetoka kwenye pakiti mbele ya macho yake.

Ndivyo ilivyokuwa Las Vegas, Marekani, mwaka 2008, kwenye kliniki ya uchunguzi wa utumbo. Ilikuwa dawa ya usingizi. Watu zaidi ya 40,000 waliarifiwa wakapime. Nchi yenye kila kitu. Kwa hiyo msidhani ni habari ya umaskini peke yake.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza: bomba ni jipya? Kichupa hiki kimefunguliwa kwa ajili yangu? Mimi siudhiki nikiulizwa, na muuguzi anayeijua kazi yake haudhiki. Na jingine: sindano nyingi tunazochoma hazina ulazima. Ugonjwa unaotibika kwa kidonge, utibiwe kwa kidonge. Watu wanaamini sindano ndiyo dawa kali, daktari asipochoma wanaona hawajatibiwa. Imani hiyo imeambukiza watu wengi sana.

---

Mpimaji

Dada Nesi, ahsante sana. Hilo la mwisho lingestahili uzi wake. Mwaka 2000 ilikadiriwa kwamba sindano zisizo salama za matibabu zilileta maambukizi mapya kama milioni 2 ya homa ya ini C duniani kwa mwaka mmoja. Tangu hapo zimepungua sana kwa sababu ya mabomba ya kutumia mara moja na yale yanayojifunga yenyewe baada ya kuchoma. Hazijaisha.

---

Aliyevuka

Nimesita kuandika lakini acha niandike. Mimi nilikuwa najidunga. Nimeacha, nimetibiwa homa ya ini C, nimepona.

Tulikuwa tunajua habari za sindano. Kila mtu alikuwa na yake, tukijiona tuko salama kwa sababu ya VVU. Tulichokuwa tunachangia ni kijiko cha kuyeyushia, kile kipamba cha kuchujia, na maji ya kuchanganyia na kusuuzia. Mtu anasuuza bomba lake kwenye kikombe kimoja na wewe, halafu unavuta maji humohumo. Sikujua kabisa kwamba hapo ndipo ninapoambukizwa. Hakuna aliyetuambia.

Nakubaliana na mwanzisha uzi kwamba wengi waliupata hospitali. Ila naomba msomaji asije akagawanya wagonjwa mafungu mawili, wale wasio na hatia na sisi. Mimi nilikwepa kupima kwa miaka kwa sababu nilijua nitakavyotazamwa mapokezi.

---

Mpimaji

Ndugu yangu, umeandika jambo kubwa, na nakushukuru kwa moyo wangu wote. Unachosema kuhusu kijiko, pamba na maji ndicho kinachoeleza kwa nini homa ya ini C huwapata watu wengi wanaojidunga mapema, hata pale VVU vinapodhibitiwa. Kirusi hiki kinahitaji damu kidogo zaidi. Programu za kutoa sindano safi zinazofanya kazi vizuri hutoa na vile vifaa vingine pia, pamoja na tiba ya metadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini.

Niongeze kwamba hata kuvuta unga puani kwa mrija wa kuchangia kumeonekana kuwa kihatarishi. Utando wa pua hutoka damu kirahisi, na mrija unaibeba kwa anayefuata.

Na nasisitiza: hesabu yangu ya mwanzo ilikuwa ya kuonyesha wapi maambukizi yametoka. Haikuwa ya kupima nani anastahili huruma. Dawa ni ileile na haki ni ileile.

---

Mdadisi77

Naomba kupinga kidogo kwa nia njema. Nimesoma tafiti kadhaa za jamii. Moja inasema kihatarishi ni kung'oa jino, nyingine kinyozi, nyingine upasuaji, nyingine tatuu, nyingine inasema hivyo vyote havina uhusiano. Sasa mtu wa kawaida aamini ipi? Isije kuwa kila mtafiti anaokota lake.

---

Mpimaji

Mkuu Mdadisi, swali zuri kuliko yote hapa, na nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Tafiti nyingi za namna hiyo zinachukua watu kutoka kwenye jamii, zinawapima damu siku moja, halafu zinawauliza: umewahi kuongezewa damu? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Kung'oa jino? Tatizo la kwanza ni kwamba kipimo hakisemi lini uliambukizwa. Tatizo la pili ni umri. Mtu wa miaka 65 ameng'oa meno zaidi, amepasuliwa zaidi, amechomwa sindano zaidi kuliko wa miaka 25. Na huyohuyo wa miaka 65 aliishi enzi za mabomba ya kioo na damu isiyopimwa. Mtafiti asipotenganisha umri, jino litaonekana limeleta homa ya ini, kumbe jino ni alama tu ya kuishi miaka mingi. Italia ni mfano mzuri: huko maambukizi yalikuwa yamelundikana kwa wazee, na moja ya mambo yaliyoonekana ni yale mabomba ya kioo yaliyokuwa yakitumiwa tena na tena zamani.

Tatizo la tatu ni kumbukumbu na aibu. Hakuna anayekumbuka sindano aliyochomwa akiwa na miaka minne. Na mtu akiulizwa sebuleni, watoto wanasikia, kama aliwahi kujidunga, atasema hapana. La nne, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba huwakosa walioko magerezani na wasio na makazi, ambako maambukizi huwa juu. Ndiyo maana takwimu za "jamii kwa ujumla" huwa pungufu hata zikifanywa kwa uaminifu.

Basi ushauri wangu: ukiona kihatarishi fulani kimetajwa, jiulize kama kuna njia ya damu kwenda kwenye damu, na kama matokeo yanajirudia sehemu mbalimbali hata baada ya kuzingatia umri. Damu iliyoongezwa kabla ya vipimo: inajirudia. Kujidunga: kunajirudia kila mahali. Sindano za matibabu zinazorudiwa: zinajirudia. Kusafishwa damu kwa mashine ya figo: vivyo hivyo. Tatuu zinazochorwa gerezani au na mtu asiye na vifaa safi: ndiyo. Tatuu kwenye sehemu inayofuata taratibu: ushahidi ni dhaifu. Kinyozi na jino: inategemea kabisa usafi wa vifaa, na ndiyo maana nchi moja inaona na nyingine haioni. Wembe na mswaki wa kuchangia nyumbani: njia ipo, tenganisheni, ila si hapo wengi wanapoambukizwa.

---

Binti_Rehema

Samahanini, umetaja mashine ya figo. Mama yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nimeshtuka.

---

NesiZamu

Usishtuke mdogo wangu, ila uwe macho. Hatari haitokani na mashine tu. Mara nyingi ni mikono na meza. Glavu zisizobadilishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa, kichupa cha dawa ya kuzuia damu kuganda kinachozungushwa kitanda hadi kitanda, kiti ambacho hakijafutwa. Uliza kama mama alipimwa homa ya ini C alipoanza, na kama wanarudia kila baada ya miezi sita. Ndivyo inavyoshauriwa. Siku ukikaa naye, angalia tu glavu. Utajua kituo kikoje.

---

Mama_Wawili

Na mjamzito je? Mimi nilikutwa nao wakati wa kliniki. Mtoto yuko salama? Nimeambiwa nisinyonyeshe.

---

Mpimaji

Mama, pole na hongera kwa ujauzito. Kati ya akina mama 100 wenye virusi hai kwenye damu, watoto kama 5 au 6 huambukizwa. Mama akiwa na VVU pia, wanafikia kama 11. Kujifungua kwa upasuaji kwa ajili ya hili peke yake hakushauriwi. Kunyonyesha hakuambukizi. Kama chuchu zimepasuka na zinatoka damu, simamisha kwa muda mpaka zipone. Aliyekuambia usinyonyeshe kabisa, mrudie umuulize sababu, labda kuna jambo jingine analolijua kuhusu afya yako.

Mtoto akizaliwa atakuwa na kingamwili zako, kwa hiyo kipimo cha kingamwili kitakuwa chanya hata kama hana ugonjwa. Husubiriwa hadi miezi 18. Kinachoweza kufanywa mapema, kuanzia mwezi wa pili, ni kipimo cha virusi vyenyewe. Nawe utatibiwa, kwa kawaida baada ya kujifungua. Panga na daktari wako mapema.

---

Tumaini_K

Sasa mkuu, kama nusu ya vihatarishi hatuvikumbuki, mtu anajuaje apime au asipime?

---

Mpimaji

Hapo umegusa penyewe. Kwa miaka mingi ilikuwa pima kama una kihatarishi. Wagonjwa wengi wakapita katikati ya vidole, kwa sababu hawakukumbuka, au hawakutaka kusema, au muulizaji aliona haya kuuliza. Marekani walianza kwa kuwalenga waliozaliwa kati ya 1945 na 1965, kisha mwaka 2020 wakaamua kila mtu mzima apime angalau mara moja maishani, bila kuulizwa sababu. Misri walifanya makubwa zaidi: kampeni iliyoanza Oktoba 2018 ilipima karibu watu milioni 50 ndani ya miezi saba hivi, aliyekutwa na virusi akapewa dawa bure. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa nchi ya kwanza kufikia hatua ya dhahabu, yaani ya juu kabisa katika ngazi zake, kuelekea kutokomeza homa ya ini C. Ni nchi ileile ya mabomba ya kioo.

Ukishapima kila mtu, lile swali la "nimeipata wapi" halina tena kazi ya kuamua nani apimwe. Linabaki kutusaidia kuziba njia.

Chanjo hakuna. Dawa zipo, ni vidonge, kwa wengi wiki 8 hadi 12, na zinaponya zaidi ya 95 kati ya 100.

---

Tumaini_K

Nimempigia rafiki yangu nikamsomea lile jibu la mke na mume. Anauliza: kipimo cha kwanza cha mkewe kilikuwa chanya, lakini kile cha pili cha virusi hakikuona kitu. Wakamwambia aanze dawa hivyohivyo. Sahihi?

---

Mpimaji

Kama cha pili ni kipimo cha virusi vyenyewe na hakikuona kitu, maana yake aliwahi kuambukizwa na mwili ukashinda, au kipimo cha kwanza kilikosea. Kwa kawaida hakuna cha kutibu. Kama aliwahi kuambukizwa, kingamwili zitabaki kwenye damu pengine maisha yake yote, kwa hiyo kila akipimwa kile cha kwanza kitarudi chanya. Atunze karatasi ya kipimo cha pili. Kama kuna shaka aliambukizwa karibuni, kirudiwe baada ya miezi sita ndipo wafunge. Dawa asianze kabla hajaongea na daktari wa ini.

Na ajue kwamba kuwa na kingamwili hakumkingi, akikutana na damu yenye virusi anaweza kuambukizwa upya. Kuchangia damu pia hawatamkubali, hata akiwa mzima kabisa. Asilichukulie vibaya, ndiyo utaratibu wa benki za damu.

---

Tumaini_K

Nimemtumia uzi mzima. Amesema atampelekea mkewe ausome mwenyewe.